Maneno ya Mwili na Ugonjwa Beni na Butembo: Kutoka Malale hadi Ebola

Msamiati wa tiba katika miji ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, umejengwa na lugha tatu. Kinande, ambacho wenyewe hukiita pia Kiyira, ni lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, barabara, mahubiri na foleni ya kituo cha afya. Kifaransa ni lugha ya daktari, ya daftari na ya karatasi ya maabara. Mgonjwa mmoja huweza kueleza maumivu ya tumbo kwa Kinande mbele ya mama yake, akayaeleza upya kwa Kiswahili mbele ya muuguzi, kisha yakaandikwa kwa Kifaransa kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, asiyoweza kuisoma. Katika kila hatua kitu hupungua au huongezeka. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila ugonjwa mkubwa uliopita hapo umeacha maneno yake, na mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 ulionyesha kwamba pengo kati ya lugha hizo tatu laweza kugharimu maisha.

Jinsi maneno yalivyofika

Kiswahili kilifika ukanda huu katika robo ya mwisho ya karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotokea Maniema. Henry Morton Stanley alipopita msitu wa Ituri na bonde la Semuliki kati ya 1887 na 1889 alikuta vituo vya Wamanyema vikiwa vimeshajengwa msituni. Kiswahili chao, Kingwana, kikachukuliwa na askari wa Dola Huru ya Kongo, kisha na wamisionari, mashamba na makampuni ya madini.

Waliokileta walikuwa wamebeba maneno ya pwani. Huko pwani, tiba iliyorithiwa kwa Waarabu, nao wakiwa wameirithi kwa Wayunani, iliufundisha mwili kama mizani ya viowevu vinne: damu, balghamu, safura na sauda. Afya ilikuwa usawa wa vinne hivyo, na ugonjwa kuzidi au kupungua kwa kimoja. Nadharia hiyo haikuvuka hadi milima ya Lubero. Yaliyovuka ni maneno machache ya asili ya Kiarabu, kama damu, homa na dawa, na hayo yakatumika bila mafundisho yaliyoyazaa. Mengine mengi yalikuwa ya Kibantu, nayo wasemaji wa Kinande, lugha iliyo ndugu, waliyapokea bila taabu: mwili, moyo, ini, mfupa, jasho, mate, mkojo, usaha.

Baadhi ya maneno hayo ni mapana kuliko ya daktari. Mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu itokayo moyoni, njia ya damu irudiyo moyoni, neva, hata kano; tena ni jina la ngiri. Homa ni joto la mwili, lakini pia ni ugonjwa wenyewe, na mara nyingi ni malaria. Kifua ni sehemu ya mwili na pia ni kikohozi cha muda mrefu, ndiyo maana ugonjwa wa mapafu ukaitwa kifua kikuu. Hata mtoa tiba hakuepuka upana huo. Katika Kiswahili cha Kongo munganga ni daktari au muuguzi wa hospitali, ilhali msomaji wa Dar es Salaam akisikia mganga hufikiria kwanza mtaalamu wa mitishamba.

Malale, tauni na ukoma

Tiba ya kikoloni ilijitambulisha kwa watu wa eneo hili hasa kupitia malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Bonde la Semuliki, mashariki ya Beni, lilikuwa na mbung'o, inzi wanaoueneza ugonjwa huo, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 utawala wa Wabelgiji ulihamisha wakazi wa sehemu za bonde hilo. Namna ya kuchunguza malale katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa moja: vikosi vilipita vijijini, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa tezi za shingo, wakatolewa damu kidoleni, na walioshukiwa wakachomwa sindano mgongoni ili kutoa maji ya uti wa mgongo. Kwa mwanakijiji, hospitali ilimaanisha kwanza mtu anayechukua kitu kutoka mwilini mwake, na si kila mara alielezwa kwa nini.

Kumbukumbu hiyo haikuwa ya Wanande peke yao. Katika Afrika Mashariki ulienea uvumi wa mumiani, wanyonya damu walioaminika kutumwa na serikali, na huko Katanga watu waliogopa batumbula. Mahali ambapo damu ilichukuliwa bila maelezo, watu walijitungia maelezo yao.

Tauni ilijulikana pia. Nyanda za juu za Ituri, karibu na Ziwa Albert, zilitambuliwa kuwa makao yake mwishoni mwa miaka ya 1920, na eneo la Lubero, karibu na Ziwa Edward, miaka kumi hivi baadaye. Huo nao ni ugonjwa wa viroboto wa panya, na dalili yake inayoonekana, tezi kuvimba kinenani au kwapani, iliwafundisha watu kwamba tezi ni jambo la kuripoti.

Ukoma una historia ya namna nyingine. Mwaka 1934 daktari Mmarekani Carl Becker wa Africa Inland Mission alihamia Oicha, kilomita zipatazo 30 kaskazini ya Beni, akaanzisha hospitali ndani ya msitu. Miaka ya 1950 Oicha ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya ukoma katika Afrika ya Kati, ikiwa na wagonjwa kwa maelfu. Tiba ya zamani ya ukoma, mafuta ya chaulmoogra yaliyodungwa chini ya ngozi, ilikuwa imepisha dawa za jamii ya sulfoni, na kwa mara ya kwanza mwenye ukoma aliweza kutarajia kupona. Wauguzi wazalendo waliofundishwa kazini ndio waliobeba maelezo hayo hadi kwa wagonjwa, kwa Kiswahili na kwa lugha za msituni. Uasi wa Simba mwaka 1964 uliwaondoa wamisionari. Wauguzi hao wakabaki na hospitali. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kilianzishwa kituo cha tiba cha Kiinjili cha Nyankunde, Ituri, kilichofundisha wauguzi wa eneo zima. Nyankunde iliposhambuliwa na kuteketezwa Septemba 2002, wafanyakazi na wagonjwa walionusurika walikimbilia Oicha na Beni.

Kifaransa cha fishi

Baada ya uhuru, Kifaransa kiliendelea kuwa lugha ya masomo ya udaktari na uuguzi. Katikati ya miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya 306, kila moja likiwa na hospitali yake kuu na vituo vidogo chini yake. Mfumo huo ulisogeza tiba karibu na watu, lakini fomu zote ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1989 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, ambacho kitivo chake cha tiba kimewapatia miji hii madaktari waliozaliwa hapohapo, wanaosema Kinande na Kiswahili lakini waliosoma anatomia kwa Kifaransa.

Matokeo yake ni lugha ya mchanganyiko inayosikika katika kila kituo cha afya. Malaria huitwa palu, shinikizo la damu ni tansio, homa ya matumbo ni tifoide. Sentensi huanza kwa Kiswahili na jina la ugonjwa likaja kwa Kifaransa. Kwa magonjwa yaliyozoeleka, mchanganyiko huo hauna madhara, maana kila mtu ameshaumwa palu na anajua dawa yake. Hatari iko kwa ugonjwa mpya, ambao jina lake halina picha yoyote kichwani mwa msikilizaji.

Wakati huohuo Kiswahili sanifu kilikuwa kikijenga istilahi zake mbali na Kongo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na maneno kama kiowevu na ugiligili yakaingia vitabuni. Beni na Butembo, ambako shule hufundisha kwa Kifaransa, maneno hayo hayakuwa na njia ya kufika.

Ebola inapoingia

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini, baada ya maabara ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, kuthibitisha virusi katika sampuli kutoka Mangina, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 30 kutoka Beni. Mlipuko wa tisa, wa jimbo la Équateur, ulikuwa umetangazwa kwisha wiki moja tu kabla. Ebola ilijulikana nchini tangu 1976, ilipotokea Yambuku na kupewa jina la mto, na mwaka 2007 ilitokea Bundibugyo, Uganda, ng'ambo ya Semuliki. Lakini Beni na Butembo zenyewe hazikuwa zimewahi kuuguza ugonjwa huo.

Jina la awali la ugonjwa lilikuwa sehemu ya tatizo. Kwa miaka mingi Ebola iliitwa homa ya kutokwa damu. Shirika la Afya Duniani limeliacha jina hilo na kusema ugonjwa wa virusi vya Ebola, kwa kuwa wagonjwa wengi hawatokwi damu kwa namna inayoonekana. Huanza kwa homa, kuumwa kichwa, uchovu na maumivu ya misuli, kisha hufuata kutapika na kuhara. Anayesubiri kuona damu atamwita mgonjwa huyo wa palu, na hilo ndilo lililotokea. Mwishoni mwa 2018 malaria ilikuwa imepanda sana Beni, na hadi nusu ya watu waliochunguzwa katika vituo vya Ebola walionekana kuwa na malaria tu. Novemba mwaka huo ilianza kampeni ya kugawa dawa za malaria kwa watu wapatao 450,000 ili kuokoa maisha na pia kupunguza homa zilizochanganya wauguzi. Vituo vidogo vya binafsi na vile vya tiba mseto, vinavyochanganya sindano na mitishamba, vilikuwa njia kubwa ya maambukizi mjini Beni, kwa kuwa wenye Ebola na wenye palu walilala pamoja.

Majimaji ya mwili

Kanuni ya kujikinga na Ebola ni fupi: virusi hukaa katika majimaji ya mtu anayeumwa au aliyekufa, na huingia kupitia kidonda, mdomo, pua au macho. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Mafunzo yote ya kinga hujengwa juu ya kanuni hiyo, na ugumu wake uko katika neno majimaji. Msikilizaji aliyeambiwa tu aepuke majimaji ya mwili huweza kufikiria maji ya kidonda, asifikirie jasho la mtoto anayembeba mgongoni. Orodha kamili ni ndefu: damu, matapishi, kinyesi, mkojo, mate, makamasi, jasho, machozi, maziwa ya mama, majimaji ya uzazi na shahawa.

Nusu ya orodha hiyo hutamkwa kwa tahadhari. Kiswahili cha heshima husema haja kubwa, haja ndogo, choo, sehemu za siri. Kijana aliyetumwa kutoa mafunzo hawezi kusimama mbele ya wazee wa ukoo na mama wakwe akataja shahawa bila kuvunjiwa heshima yeye na anachofundisha. Hivyo hutumia tafsida, au neno la Kifaransa, au huruka. Kila moja kati ya njia hizo huacha pengo. Tafsida hueleweka nusu, Kifaransa hakieleweki na wengi, na kilichorukwa hakijulikani. Kwa ugonjwa huu pengo hilo lina uzito, kwa sababu virusi huweza kubaki kwenye shahawa za mwanamume aliyepona kwa miezi mingi baada ya damu yake kusafika.

Mwili wa marehemu ni mfano mwingine. Wakati wa kifo wingi wa virusi huwa juu kabisa, na kuosha maiti, kazi ya upendo na wajibu wa ndugu, huwa hatari kuliko yote. Vikosi vya maziko salama na yenye heshima vilifunga maiti ndani ya mfuko na kuizika kwa mavazi ya kinga. Familia ambazo hazikuelezwa vizuri ziliona mwili wa mzee wao umechukuliwa, na uvumi wa viungo kuuzwa ukapata mwanya.

Mshukiwa, riposte na kutengwa

Maneno ya uongozi wa kampeni yaliongeza uzito. Mtu mwenye dalili aliitwa kwa Kifaransa kesi ya kushukiwa, na kwa Kiswahili mshukiwa, neno linalotumika kwa mwizi aliyekamatwa na polisi. Aliyegusana na mgonjwa aliitwa kontakti, akafuatwa kila siku kwa siku 21. Kwenda kituoni kulikuwa kutengwa, adhabu inayojulikana vijijini. Na kampeni nzima iliitwa riposte, neno la Kifaransa lenye maana ya kujibu shambulio.

Maneno hayo yalitua mahali palipokuwa vitani. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa katika mashambulizi ambayo serikali iliyahusisha na kundi la waasi la ADF. Watu waliuliza kwa nini magari na fedha vimekuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, ilhali mauaji yalikuwa yameachwa miaka minne, na ilhali surua, iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini kote katika 2019 na mwanzo wa 2020, haikupata msaada wa kiasi hicho. Utafiti uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulikuta kwamba asilimia 25.5 hawakuamini kuwa Ebola ipo, na asilimia 31.9 tu waliamini kwamba viongozi wa mahali hutetea maslahi yao. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, na rais mpya akaapishwa Januari bila kura za miji hiyo. Tangu hapo wengi walisema Ebola ni ya siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Lugha inarekebishwa

Marekebisho yalikuja polepole. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za mlipuko huo, likakuta kwamba mabango na mafunzo yalitolewa zaidi kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na kwamba watoa mafunzo walilazimika kutafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake. Shirika hilo likatunga faharasa ya maneno ya Ebola katika lugha kadhaa, zikiwemo Kinande na Kiswahili cha Kongo. Watu walitaka maelezo marefu zaidi, si amri fupi: chanjo inafanya nini mwilini, kwa nini aliyechanjwa hupata homa, kwa nini mwingine huchanjwa na jirani yake huachwa. Swali la mwisho lilihusu chanjo ya duara, iliyoanza Mangina tarehe 8 Agosti 2018, ambamo huchanjwa waliogusana na mgonjwa na waliogusana nao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa hadi mwisho.

Waliopona walipewa jina la washindi, nalo likashika. Wengi wao waliajiriwa kuwatunza wagonjwa na watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao, kwa kuwa tayari walikuwa na kinga. Maelezo yao ya kwamba kituoni mtu hupona yalisikilizwa kuliko ya mgeni. Vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, vilivyoletwa Beni na shirika la ALIMA, viliwawezesha ndugu kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye.

Jaribio kubwa la dawa lililoanza Beni Novemba 2018 lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walishiriki, na Agosti 2019 dawa mbili kati ya nne zikadhihirika kuwa bora. Kwa waliopewa dawa hizo walikufa asilimia 33.5 na 35.1, dhidi ya takribani nusu katika makundi mengine mawili. Mojawapo, mAb114, ilitokana na chembechembe za damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Ebola wa mji wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Huko Kikwit profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwahi kuwatia wagonjwa 8 damu ya waliopona, nao 7 wakaishi. Damu iliyoogopwa tangu siku za malale ndiyo iliyotoa tiba.

Baada ya 2020

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa katika maeneo ya afya 29 ya Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Februari 2021 Ebola ilirudi karibu na Butembo. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa mke wa mwanamume aliyepona, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha virusi vya mlipuko uliopita. Waliugua 12, wakafa 6. Oktoba mwaka huohuo ikaonekana tena Beni, na Agosti 2022 akapatikana mgonjwa mmoja hapohapo.

Marejeo hayo yalionyesha kwamba kumpima mshindi damu hakutoshi. Ni lazima shahawa zipimwe kwa miezi mingi, na mwenyewe aelezwe hivyo kwa neno analolielewa, faraghani, na mtu anayemwamini. Dawa, chanjo na maabara sasa vipo. Kazi iliyobaki kwa vyuo vya uuguzi vya Beni na Butembo ni kufundisha majina ya mwili na majimaji yake kwa Kinande na Kiswahili cha mahali kabla mlipuko mwingine haujafika, kwa kuwa katikati ya mlipuko hakuna muda wa kutunga kamusi.